Mbio za farasi: utabiri wa siku unasomwaje, na kwa nini farasi wa kwenye runinga hatabiriki

Katika simu na meseji mnazotutumia baada ya kipindi cha michezo, kuna swali moja linalorudi kila mara: "Leo farasi gani atashinda?" Wengine wanatuuliza wakiwa nyumbani na simu mkononi. Wengine wanauliza wakiwa ndani ya kibanda cha kubeti, macho kwenye runinga, mbio zikiwa zimebakiza dakika mbili kuanza.

Hatujawahi kutaja farasi hewani, na hatutaanza leo. Lakini swali ni la haki na linastahili jibu lililo kamili. Katika makala hii tunaeleza jinsi wataalamu wanavyopima farasi wa mbio za siku, maana ya zile namba zinazoandikwa pembeni ya jina lake, na tofauti moja kubwa ambayo wengi wetu hatuambiwi: si kila farasi unayemwona anakimbia ni farasi.

Farasi hao wanakimbilia wapi?

Hapa Simiyu mnyama wetu wa kazi ni ng'ombe na punda. Anayefanana na farasi kuliko wote ni pundamilia, na huyo yuko ng'ambo ya geti la Ndabaka, ndani ya Serengeti. Hatuna uwanja wa mbio za farasi, na vijana wengi wa Lamadi hawajawahi kumgusa farasi.

Lakini jirani zetu wanao. Barabara hii inayopita Lamadi kwenda Musoma na Sirari ndiyo inayotupeleka Kenya, na ukifika Nairobi utakuta uwanja wa Ngong. Mbio za farasi zilianza kuandaliwa rasmi Nairobi tangu mwaka 1904, na uwanja wa Ngong umetumika tangu 1954. Mbio zake kwa kawaida huwa Jumapili, chini ya chama kinachoitwa Jockey Club of Kenya. Mbio zake kubwa kuliko zote ni Kenya Derby, za mita 2,400, kwa farasi wa miaka mitatu.

Mbali zaidi kuna Grand National ya Uingereza, takriban kilomita 7 zenye viunzi 30 vya kuruka. Kuna Kentucky Derby ya Marekani, Melbourne Cup ya Australia yenye mita 3,200, na Dubai World Cup ya mita 2,000 iliyoanza mwaka 1996. Hizi zote ni mbio za wanyama walio hai, wenye mifupa, pumzi na siku zao mbaya. Utabiri unaoandikwa magazetini ni wa mbio za namna hii.

Mambo saba anayoangalia mtabiri

Mfugaji anayekwenda mnadani hanunui dume kwa sababu ana jina zuri. Anaangalia meno, miguu, mgongo, na anauliza ametoka kwa nani. Mtabiri wa mbio za farasi naye ana maswali yake.

1. Amefanya nini karibuni? Pembeni ya jina la farasi huandikwa namba za nafasi alizoshika katika mbio zilizopita. Ukiona 4-3-1, maana yake alikuwa wa nne, kisha wa tatu, na mbio za mwisho alishinda. Namba ya kulia ndiyo ya karibuni zaidi. Sifuri maana yake hakuingia hata katika tisa wa kwanza.

2. Umbali ni upi? Farasi wa mita 1,200 ni kama mkimbiaji wa mita 100, anatoka kwa kasi na kumaliza kwa kasi. Wa mita 2,400 anatakiwa kutunza pumzi. Bingwa wa umbali mmoja anaweza kuwa wa mwisho katika umbali mwingine.

3. Amebebeshwa kilo ngapi? Katika mbio nyingi farasi hodari hubebeshwa uzito mkubwa zaidi ili wenzake wapate nafasi. Uzito huo ni wa mpanda farasi, tandiko, na vipande vya risasi vinavyoongezwa kwenye tandiko. Ni kama mbio za baiskeli ambapo bingwa wa mwaka jana anafungiwa mfuko wa mchele nyuma.

4. Ardhi ikoje? Mvua ikinyesha, uwanja unakuwa laini na mzito. Farasi mwenye kasi kwenye ardhi kavu anaweza kuchoka mapema kwenye tope, na mwingine akafurahia. Aliyewahi kupita na baiskeli kwenye mbuga zetu za udongo mweusi mwezi wa nne analijua hili bila kufundishwa.

5. Anaanzia mlango wa ngapi? Farasi hutokea kwenye milango iliyopangwa kwa mstari. Katika uwanja wenye kona, anayeanzia nje kabisa huzunguka njia ndefu kuliko aliye ndani.

6. Nani amempanda na nani anamfundisha? Mpanda farasi mzuri anajua lini pa kusubiri na lini pa kuachia. Mwalimu mzuri hamleti farasi uwanjani kabla hajawa tayari.

7. Amepumzika muda gani? Aliyekimbia juzi anaweza kuwa amechoka. Aliyekaa miezi mingi bila kukimbia, hakuna anayejua hali yake mpaka milango ifunguliwe.

Tutabiri mbio moja pamoja

Hebu tufanye mfano. Mbio hizi ni za kubuni, na farasi tumewapa majina ya hapa kwetu. Umbali ni mita 1,600. Usiku wa kuamkia leo mvua imenyesha na uwanja ni laini.

Namba 1, Ngosha: miaka 5, kilo 61, matokeo 1-1-2, odi 2.50. Mbio zake zote tatu zilikuwa kwenye ardhi kavu.

Namba 2, Pamba Nyeupe: miaka 4, kilo 58, matokeo 3-2-2, odi 4.00. Amezoea mita 1,200; leo ni mara yake ya kwanza kukimbia 1,600.

Namba 3, Ndabaka: miaka 5, kilo 54, matokeo 4-3-1, odi 5.00. Ushindi wake wa mwisho ulikuwa mita 1,600 kwenye uwanja laini.

Namba 4, Radi: miaka 3, kilo 53, matokeo 1-6-8, odi 8.00. Hutoka kwa kasi kubwa, pumzi humwishia mwishoni.

Namba 5, Sangara: miaka 7, kilo 55, matokeo 5-4-4, odi 8.00. Hachoki, lakini kushinda ni nadra.

Namba 6, Mbula: miaka 4, kilo 52, matokeo 9-0-7, odi 10.00.

Sasa tusome. Kwa namba za ushindi, Ngosha ndiye mkubwa, na ndiyo maana watu wengi wamemwekea dau na odi yake iko chini. Lakini leo amebeba kilo 61, saba zaidi ya Ndabaka, na hatujawahi kumwona kwenye tope. Pamba Nyeupe ni mzuri, ila mita 400 za ziada kwenye uwanja mzito ni swali. Radi ataongoza mwanzoni na kelele zitakuwa nyingi, halafu tope litamdai deni lake. Sangara atamaliza katikati kama kawaida yake. Mbula ana jina la mvua, na kuna watakaomchagua kwa sababu hiyo peke yake. Jina halina miguu.

Kwa hiyo mtabiri angeandika hivi: Ndabaka kushinda, Ngosha wa pili, Sangara kuangaliwa kwa nafasi ya tatu.

Umeona? Hakuna uchawi. Ni kuuliza maswali na kupima majibu, kama tunavyofanya kabla ya kununua ng'ombe au kuchagua mbegu. Na hata baada ya hesabu zote hizo, Ngosha bado anaweza kushinda kwa mbali. Utabiri unakuambia nani ana sababu ya kushinda. Haukuambii nani atashinda.

Odi inasema nini, na inaficha nini

Odi ya 2.50 maana yake ukiweka shilingi 1,000 na farasi wako akashinda, unarudishiwa 2,500, na ndani yake imo ile 1,000 yako. Odi ikiwa ndogo, kampuni inaona farasi huyo ana nafasi kubwa. Odi ikiwa kubwa, nafasi yake ni ndogo.

Hilo wengi wanalijua. Ambalo halizungumzwi ni hili. Chukua daftari ufanye hesabu pamoja nasi kwa wale farasi wetu sita.

Tuseme unataka uhakika wa kupata shilingi 10,000 yeyote atakayeshinda. Utaweka 4,000 kwa Ngosha, 2,500 kwa Pamba Nyeupe, 2,000 kwa Ndabaka, 1,250 kwa Radi, 1,250 kwa Sangara, na 1,000 kwa Mbula. Ukizidisha kila dau kwa odi yake, jibu ni 10,000 kila mara. Hakuna farasi anayeweza kukukosesha.

Sasa jumlisha ulichotoa: ni shilingi 12,000. Umemshika kila farasi, umeshinda kwa vyovyote, na bado umepoteza 2,000.

Hiyo 2,000 ndiyo sehemu ya mwenye duka. Kiasi hutofautiana kutoka kampuni hadi kampuni na kutoka mbio hadi mbio, lakini sehemu hiyo huwa imo. Imewekwa ndani ya odi kabla farasi hajatoka mlangoni. Na ukishinda, serikali nayo hukata kodi ya ushindi kabla fedha haijafika mkononi mwako. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na jicho zuri la kuchagua na bado mwisho wa mwezi akawa na upungufu.

Wanaojua nao hukosea

Katika nchi ambazo mbio za farasi zimefanyika kwa miaka mingi, kama Uingereza na Marekani, farasi anayepewa nafasi kubwa kuliko wote hushinda takriban mbio 1 kati ya 3. Geuza upande wa pili: yule ambaye karibu kila mtu alimtegemea hushindwa mara 2 kati ya 3. Na hao ni watu wenye magazeti, video na waalimu wa farasi wa kuwauliza.

Mwaka 1967, katika Grand National, farasi mmoja asiye na mpanda alikatiza mbele ya wenzake kwenye kiunzi. Wakagongana, wakarundikana. Nyuma kabisa alikuwa farasi aitwaye Foinavon, ambaye malipo yake yalikuwa shilingi 100 za faida kwa kila shilingi 1. Kwa kuwa alikuwa mbali nyuma, mpanda wake alipata muda wa kuona upenyo. Akapita, akashinda.

Mwaka 2015, farasi Prince of Penzance alishinda Melbourne Cup kwa malipo hayo hayo ya 100 kwa 1. Aliyempanda, Michelle Payne, akawa mwanamke wa kwanza kushinda mbio hizo. Mwaka 2022 Rich Strike aliingizwa kwenye Kentucky Derby siku moja kabla, baada ya mwenzake kujitoa. Alikuwa 80 kwa 1, na akashinda.

Watu hupenda kusimulia habari hizi kama ushahidi kwamba maskini anaweza kutajirika siku moja. Sisi tunazisoma kwa upande mwingine. Zinaonyesha kuwa hata mahali ambapo kila kitu kinajulikana, maelfu ya watu waliofanya hesabu sahihi waliondoka mikono mitupu.

Farasi wa kwenye runinga ni jambo jingine

Sasa tufike kwenye kile kibanda. Zile mbio unazoziona kwenye runinga ya duka la kubeti au kwenye simu, zinazoanza kila baada ya dakika chache, mchana na usiku, mara nyingi si za Ngong wala za Uingereza. Ni picha zilizotengenezwa na kompyuta. Hakuna farasi, hakuna tope, hakuna mpanda farasi aliyeamka na mafua.

Kwa kawaida programu huchagua matokeo kwa bahati nasibu kufuatana na odi zilizowekwa, na picha zinaonyeshwa kulingana na matokeo hayo. Kule kuongoza na kupitwa kwenye kona ya mwisho ni maonyesho.

Rudi sasa kwenye yale mambo saba. Amefanya nini karibuni? Haijalishi, kwa sababu mbio zilizopita haziachi uchovu wala mazoezi. Ardhi ikoje? Hakuna ardhi. Amebeba kilo ngapi? Habebi kitu. Maswali yote saba yanabaki bila jibu, kwa hiyo hakuna cha kutabiri. Kinachobaki ni namba na odi, na ndani ya odi imo ile sehemu ya mwenye duka.

Ndiyo sababu hatuwezi kukujibu unapotuuliza farasi gani atashinda saa nane kamili. Si kwamba tunakuficha. Hakuna mtu anayejua, hata anayekuuzia tiketi.

"Namba 4 haijatoka tangu asubuhi"

Hili tunalisikia sana: namba fulani haijashinda muda mrefu, basi sasa ni zamu yake. Kompyuta haina foleni. Haikumbuki namba 4 ilikosa mara ngapi, na wala haina huruma nayo.

Kama farasi ni sita na wana nafasi sawa, namba moja kukosa mara 10 mfululizo ni jambo la kawaida. Hutokea takriban mara 16 katika kila 100. Na baada ya kukosa mara hizo 10, nafasi yake katika mbio za 11 ni ile ile, 1 kati ya 6.

Hatari nyingine ni kasi. Uwanjani, kati ya mbio moja na nyingine mtu husubiri, huzungumza, hunywa maji, na hasira hupoa. Kwenye runinga hakuna kusubiri. Tuseme mbio ni kila dakika 5, na unaweka 1,000 kila mara. Kwa saa moja umeweka 12,000. Kwa odi kama za mfano wetu, wastani wa hasara ni 2,000 kwa saa. Siku moja utatoka na faida, siku nyingine utapoteza zote 12,000, lakini kadiri unavyokaa ndivyo hesabu inavyokuvuta kwenye wastani huo. Anayekaa saa tano kila siku anatoa shilingi 10,000 kwa siku bila kuiona ikiondoka.

Msimu wa pamba fedha huja kwa mkupuo, na ada ya shule, madeni ya pembejeo na mbegu za msimu ujao vyote vinaisubiri fedha hiyo hiyo. Pamba imechukua miezi kukua. Kwenye kibanda inaweza kuisha kabla jua halijazama.

Wanaouza "uhakika"

Kuna watu wanatuma meseji wakisema wana mshindi wa uhakika, na kwamba ukiwalipa watakutumia. Ushahidi wao ni kwamba wamekutumia bure mara tatu na mara zote wamepatia. Utajiuliza, wamejuaje?

Hawakujua. Fikiria mtu mwenye namba za simu 216. Anawagawa makundi sita ya watu 36, na kila kundi analitumia farasi tofauti. Mbio zikiisha, kundi moja limepata jibu sahihi. Wengine anawaacha. Wale 36 anawagawa tena sita sita, anatuma tena. Sasa wamebaki 6 walioona amepatia mara mbili. Anatuma mara ya tatu, kila mmoja farasi wake. Amebaki mtu 1 aliyeona kwa macho yake mara tatu mfululizo. Huyo ataapa kwa ndugu zake kwamba jamaa anajua, na huyo ndiye atakayeuza mbuzi kulipia utabiri wa nne.

Jiulize pia swali la kawaida la sokoni: mwenye uhakika wa mshindi anahitaji elfu tano yako ya nini?

Kabla hujaweka dau

Kubeti hapa Tanzania kunaruhusiwa kwa masharti. Kunasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania chini ya sheria ya mwaka 2003. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza, hata kama ametumwa na mkubwa. Duka au kampuni lazima iwe na leseni. Ukiwa na shaka, uliza leseni kabla ya kutoa fedha.

Ukiamua kucheza, jiulize kwanza: farasi huyu yupo kweli, au ni picha? Kama yupo, soma rekodi yake, umbali, uzito na ardhi. Kama ni picha, ujue unalipia burudani, kama tiketi ya muziki, na tiketi ikishatumika hairudi.

Panga kiasi ukiwa nyumbani, si ukiwa umesimama mbele ya runinga. Usifukuzie hasara, kwa sababu mbio zinazofuata hazijui ulipoteza ngapi. Na kama umeanza kukopa ili ucheze, au unamficha mke, mume au wazazi, mwambie mtu mmoja unayemwamini leo hii. Kampuni nyingi zina sehemu ya kujiwekea kikomo au kuomba akaunti ifungwe; unaweza kuitumia hata kama bado una salio.

Na wewe mzazi au kaka mkubwa, ukimwona kijana ameganda kibandani, usianze na matusi. Mfanyie ile hesabu ya 12,000 kwenye daftari, mbele yake, kwa odi za siku hiyo hiyo. Namba zenyewe zitaongea.

Sisi tutaendelea kuwaletea matokeo ya michezo kama kawaida, zikiwemo mbio kubwa za farasi zinapofika. Mkituuliza Ngosha ana kilo ngapi leo, tutajitahidi kuwajibu. Mkituuliza namba ipi inatoka saa nane kwenye runinga, jibu letu mmeshalisoma hapa.